SOMO LA AFYA: NYWELE ZA MWANAMUME ZIKIPUNGUA KWA NAMNA ISIYO YA KAWAIDA



Katika foleni ya mshahara yuko ndugu mmoja ambaye havui kofia. Jua likiwaka anayo, mvua ikinyesha anayo, na akiingia kwa karani kutia sahihi anaivuta chini mpaka kwenye nyusi. Wenzake wanacheka. Mmoja anasema amezeeka kabla ya wakati. Wa pili anasema amelogwa. Wa tatu ananong'ona kwamba ana ule ugonjwa. Yeye mwenyewe hajibu neno, lakini akishapokea mshahara anakwenda sokoni kununua kikopo cha mafuta ambacho hakina hata jina la mtengenezaji. Mwezi ujao atanunua kingine.

Tunaandika somo hili kwa ajili ya ndugu huyo, na kwa ajili ya wale wanaomcheka. Wafanyakazi wa Luapula, tangu Mofwe na Mwansabombwe mpaka Nchelenge na Kashikishi, wale wa mashamba ya chai upande wa Kawambwa, na ndugu wa ng'ambo ya ziwa Mweru, Kilwa na Pweto, wanaosoma ukurasa huu wa Kiswahili, wengi wamekwisha kuliona jambo hili. Kichwa cha mtu ni kama ubao wa matangazo pale getini. Matangazo mengine ni ya kawaida, mengine ni ya hatari. Asiyejua kusoma huyaona yote sawa. Basi leo tujifunze kusoma.

1. NYWELE HUISHI NAMNA GANI

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele umesimama ndani ya kijishimo chake katika ngozi, na chini ya kijishimo hicho liko shina linaloutengeneza. Unywele hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, na nywele zetu sisi Waafrika hukua polepole zaidi kidogo. Hukua kwa miaka 2 hadi 6, kisha hupumzika miezi michache, kisha hung'oka na mwingine kuchipua mahali pale pale.

Mashina hayapumziki yote kwa wakati mmoja. Hufanya kazi kwa zamu kama sisi: walio wengi wako kazini, wachache wako likizo. Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku, na hakuna anayeona pengo.

Mambo huharibika kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza, shina linadhoofika au linasimamishwa kazi, lakini lingali hai. Ukitazama ngozi kwa karibu utaona vijishimo vyake vipo, na mara nyingi kuna tumaini. Njia ya pili, shina linauawa na mahali pake panakuwa kovu. Ngozi hapo hung'aa, vijishimo havionekani, na nywele hazirudi tena. Tofauti hii ndiyo ya kwanza kuijua, maana katika njia ya pili kila mwezi wa kuchelewa ni hasara isiyolipika.

2. UPARA WA KAWAIDA

Kabla ya kusema kitu si cha kawaida, lazima tujue cha kawaida kikoje. Upara wa kawaida wa mwanamume huanza kwenye panja mbili, kulia na kushoto, na mstari wa nywele unarudi nyuma. Au huanza utosini kwa duara dogo. Baada ya miaka mingi panja na utosi hukutana, na nywele hubaki kama ukanda kuzunguka masikio mpaka kisogoni. Ngozi haiwashi, haina vidonda wala magamba. Mwendo wake ni wa miaka, wala si wa majuma.

Sababu yake ni urithi pamoja na homoni za kiume. Mwaka 1942 mtaalamu wa Marekani, James Hamilton, alieleza kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakuota upara, lakini walipopewa homoni ya kiume, wale ambao ukoo wao ulikuwa na upara walianza kupoteza nywele. Hivyo ilijulikana kwamba vitu viwili vinahitajika pamoja: urithi na homoni. Urithi huo hutoka upande wa baba na upande wa mama pia. Si kweli kwamba hutoka kwa wajomba peke yao.

Upara wa namna hii si ugonjwa. Hauambukizi, haupunguzi nguvu ya mtu kazini wala nyumbani, wala si alama ya mali au ya uchawi. Katika watu wa asili ya Ulaya, karibu nusu ya wanaume wenye umri wa miaka 50 wanao; kwetu Waafrika huonekana kwa wachache zaidi. Ndugu ambaye nywele zake zimepungua hivyo, na baba yake alikuwa hivyo, anaweza kunyoa kichwa chote, avae kofia juani, aendelee na kazi yake.

3. MASWALI MANNE

Mwenzetu akituambia nywele zake zinapungua, tumwulize maswali manne kabla hajatoa hata ngwee moja.

La kwanza: WAPI? Ni panja na utosi, au ni pembeni na kisogoni, au kichwa kizima, au kwa viraka? Je, nyusi na ndevu pia?

La pili: LINI? Imechukua miaka au majuma? Miezi miwili mitatu kabla ya hapo mwili ulipatwa na nini?

La tatu: NGOZI IKOJE? Ni safi, au ina magamba, vipele, usaha, weupe, ganzi, au kovu linalong'aa?

La nne: NANI MWINGINE? Je, yuko mwenzake wa zamu ile ile, au mtu wa nyumbani mwake, mwenye shida hiyo hiyo?

Kuna na jaribio jepesi. Kwa mtu ambaye hakuosha nywele siku hiyo, na nywele zake ni ndefu kiasi cha kushikika, shika fungu la nywele kama 60 kwa vidole, vuta polepole bila kutumia nguvu. Zikitoka zaidi ya 6, basi mashina mengi yamesimama kazi kwa wakati mmoja. Mahali pa kwenda ni zahanati.

4. NAMNA ZISIZO ZA KAWAIDA

(a) Kichwa kizima kupukutika. Tuseme ndugu aliugua malaria kali mwezi wa Januari. Akalala kitandani majuma mawili, akapona, akarudi kazini. Mwezi wa Aprili anaona nywele zimejaa kwenye kitana na kwenye mto. Anashangaa, maana sasa ni mzima. Lakini hesabu ni ile ile: homa kali ilipiga kengele, mashina mengi yakaenda likizo pamoja, na baada ya miezi miwili au mitatu nywele zake zikang'oka pamoja. Nchelenge ni moja ya wilaya zenye malaria nyingi kabisa katika Zambia, na kwa sababu ya ziwa na vinamasi mbu hawamalizwi hata na kiangazi. Hatushangai basi kuiona namna hii kwetu. Homa ya matumbo, upasuaji, kumwaga damu nyingi na huzuni kubwa ya msiba huweza kufanya vivyo hivyo. Habari njema ni kwamba, ikiwa chanzo kimekwisha, nywele huanza kurudi zenyewe katika muda wa miezi sita hivi. Hakuna mafuta yanayohitajika. Kinachohitajika ni chakula, usingizi, chandarua na subira.

Ikiwa kupukutika hakuishi, tutafute kinachoendelea kuula mwili. Upungufu wa damu ni mmoja. Mfanyakazi wa shamba anayetembea bila viatu anaweza kuwa na minyoo ya safura inayomnyonya damu kila siku, na mtu wa ziwani anaweza kuwa na kichocho. Chakula kibovu ni cha pili. Ugali wa muhogo unajaza tumbo, lakini nywele hujengwa kwa protini, chuma na zinki, na vitu hivyo ni vichache katika unga wa muhogo. Kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi hufungwa katika ziwa Mweru ili samaki wazaane, na ndiyo miezi ambayo nyumba nyingi hula ugali kwa mboga kidogo. Tuweke akiba ya chisense waliokaushwa, maharage na karanga, na tule kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa vizuri. Tatu ni tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa: mtu huona baridi, uchovu, na kunenepa bila sababu. Nne ni virusi vya UKIMWI. Kupima ni siri ya mtu, na dawa zipo. Anayepima mapema anaishi na kufanya kazi. Anayeogopa minong'ono ya foleni ndiye anayepotea.

(b) Viraka vya mviringo. Ghafla, pengine kwa siku chache tu, kinatokea kiraka kama sarafu, ngozi yake safi kabisa, haina magamba wala maumivu. Hutokea kichwani au katika ndevu. Hapa askari wa mwili, wale ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, wamekosea wakaanza kushambulia mashina ya nywele. Haiambukizi. Hakuna sababu ya kumtenga mtu kwenye sahani au kitanda. Kwa watu 100, kiasi cha 2 hupatwa nayo wakati mmoja katika maisha yao. Viraka vichache mara nyingi hujaa tena vyenyewe ndani ya mwaka. Vikizidi, daktari anaweza kuchoma sindano ndogo ndogo mahali penyewe.

(c) Ukanda wa pembeni na kisogoni. Kumbuka kwamba upara wa kawaida huacha ukanda wa kando. Ikiwa kinyume chake kimetokea, yaani utosi umejaa na nywele zinaondoka juu ya masikio na chini ya kisogo, hilo si suala la uzee. Mara nyingi ni jamaa ya namna (b), ile ya askari waliokosea. Waganga wa kale wa Ulaya waliipa jina la nyoka kwa jinsi inavyozunguka kichwa. Namna hii ni ngumu zaidi kupona yenyewe, kwa hiyo aonwe na daktari mapema.

(d) Viraka vingi vidogo kama nguo iliyoliwa na nondo. Namna hii tuiseme wazi, maana aibu imeua watu wengi. Kaswende ikiingia hatua ya pili, majuma au miezi baada ya kidonda cha kwanza ambacho hakikuuma na kilipona chenyewe, nywele huweza kutoka kwa viraka vidogo vidogo visivyo na mpango, hasa nyuma na pembeni. Pamoja nayo huweza kuja vipele visivyowasha, hata katika viganja na nyayo, homa ndogo, na tezi kuvimba. Baadaye dalili hizo hutoweka, mtu akadhani amepona, kumbe ugonjwa umeingia ndani kuelekea moyo, ubongo na tumbo la mama mjamzito. Damu ikipimwa inajulikana. Sindano ya penisilini huiponya. Mwenzi wako naye lazima atibiwe, la sivyo mtarudishiana. Katika kambi za wavuvi na barabara za wachuuzi, ambako watu hukaa mbali na nyumbani majuma mengi, jambo hili lisemwe bila kicheko.

(e) Nyusi kutoka. Mwanamume anayepoteza theluthi ya nje ya nyusi zote mbili, hasa kama ana mabaka ya ngozi yenye ganzi, au masikio yanayonenepa, au vidole visivyosikia moto wa kikombe cha chai, apimwe ukoma. Ukoma haukwisha duniani. Lakini tangu mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani limehakikisha kwamba dawa zake hutolewa bure, na mgonjwa akianza kuzimeza huacha upesi kuambukiza wengine. Anayewahi hubaki na vidole vyake. Nyusi nyembamba huweza pia kutokana na ile tezi ya shingo tuliyoitaja.

(f) Kisogo chenye vipele vigumu. Hii ni ya wanaume wa Kiafrika zaidi, na mara nyingi inahusu unyoaji. Nywele zilizojikunja zikinyolewa mpaka kwenye ngozi, ncha zake hurudi ndani kama mwiba. Vinatokea vipele, kisha uvimbe mgumu kama kovu lililoinuka, na nywele hapo hazioti tena. Ukosi mgumu wa ovaroli na mkanda wa helmeti vinavyosugua huongeza shida. Mwambie kinyozi asifikishe mashine kwenye ngozi ya kisogo. Usitumbue. Nenda zahanati vikiwa bado vidogo.

(g) Magamba na makovu. Mapunye ni kuvu, nayo huwapata watoto zaidi, ingawa mtu mzima naye huweza kuambukizwa. Huonekana magamba, nywele kukatika karibu na ngozi, na tezi za kisogo kuvimba. Kupaka peke yake hakutoshi, kwa sababu kuvu imeingia ndani ya unywele wenyewe. Vinatakiwa vidonge kwa majuma kadhaa. Kinyozi asafishe mashine yake baada ya kila kichwa. Namna nyingine ya hatari ni madoa yanayoacha kovu, meusi pembezoni na meupe katikati, kichwani na masikioni, ambayo huzidi kila mtu akikaa juani. Huo huweza kuwa ugonjwa uitwao lupasi. Mfanyakazi wa shamba aliye nao anahitaji kofia pana na matibabu mapema, maana hapa mashina yanakufa.

5. KICHWA NA KAZI

Sasa tuje kwenye jambo linalokihusu chama moja kwa moja.

Kwanza ni mzigo. Anayebeba magunia na makreti kichwani kutoka kwenye mtumbwi mpaka kwenye lori, siku baada ya siku na mwaka baada ya mwaka, huweza kupoteza nywele mahali pale pale mzigo unapokaa. Helmeti isiyo na kitambaa safi ndani, au iliyo ndogo kuliko kichwa, hufanya vivyo hivyo. Dawa yake haiuzwi katika kikopo. Dawa yake ni ngata nene, mkokoteni, helmeti ya kipimo cha mtu, na mzigo uliopimwa uzito. Na tukumbuke kwamba ikiwa mzigo umeweza kung'oa nywele, shingo na uti wa mgongo navyo vimelipa. Nywele zimesema kwanza tu.

Pili ni sumu. Mwaka 1931 mpira wa bandia uitwao neoprini ulitangazwa huko Marekani, na ukaanza kutengenezwa katika nchi kadhaa. Hutengenezwa kwa kemikali iitwayo kloroprini. Katika viwanda vyake wafanyakazi walianza kupukutika nywele. Hawakuwa wa ukoo mmoja, hawakuwa wa umri mmoja. Walichoshiriki ni hewa ya chumba kile kile. Walipoondolewa penye mvuke ule, nywele zao ziliota tena. Tafakarini, ndugu. Kila mmoja angekaa na kofia yake peke yake, kila mmoja angeamini kwamba ni urithi wa baba yake. Walipovua kofia pamoja ndipo jambo lilipoonekana.

Sumu nyingine ni thaliamu. Zamani ilitumika kuulia panya, na hata ilipewa watoto ili nywele zitoke wakati wa kutibu mapunye, mpaka baadhi yao wakafa. Mtu aliyeila huumwa tumbo, nyayo huwaka moto kiasi cha kutoweza kuvumilia shuka, na baada ya majuma mawili au matatu nywele hutoka kwa mafungu. Mwaka 1973 Shirika la Afya Duniani lilishauri isitumike tena kuulia panya. Kwa hiyo, sumu ya panya iliyopimwa kwenye karatasi bila jina, inayouzwa chini sokoni, isiingie ghalani wala nyumbani kwako.

Lakini tuseme kweli na tusizidishe. Dawa nyingi za kunyunyizia wadudu mashambani hazianzi kwa nywele. Huanza kwa jasho, mate mengi, macho kufifia, kichefuchefu, mikono kutetemeka na pumzi kubana. Mpiga dawa asisubiri nywele zitoke ndipo alalamike. Akiona dalili hizo aondoke penye dawa, avue nguo, aoge kwa maji na sabuni, apelekwe hospitali pamoja na karatasi ya jina la dawa.

Kanuni yetu ni hii: mmoja akipoteza nywele ni jambo la daktari; watatu wa chumba kimoja wakipoteza nywele kwa msimu mmoja ni jambo la daktari na la chama. Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya Zambia ya mwaka 2010 inataka mahali pa kazi penye watu 10 au zaidi pawe na kamati ya afya na usalama. Ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 1999. Sheria hizo ni jembe. Jembe lisiloshikwa halilimi. Tuandike majina, zamu, chumba, kemikali zinazotumika, na tarehe ambayo kila mmoja alianza kuona mabadiliko. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko kelele za watu mia.

6. MAFUTA NA VIDONGE

Zipo dawa mbili zilizojaribiwa kwa upara wa kawaida. Minoksidili ya kupaka iliruhusiwa Marekani mwaka 1988, na vidonge vya finasteridi mwaka 1997. Husaidia baadhi ya watu, na faida hupotea mtu akiacha. Vidonge hivyo vilivyovunjika visiguswe na mama mjamzito, na kwa wanaume wengine huleta shida ya unyumba. Kuzianza bila kupimwa ni kutupa pesa, maana haziponyi kaswende, wala ukoma, wala safura.

Tujihadhari zaidi na vikopo vya sokoni visivyo na jina. Mafuta mengine huchanganywa na dawa kali za jamii ya steroidi. Ngozi hutulia kwa juma moja, kisha hukonda, hupasuka na kuota vipele. Kubandika majani makali, kupaka mafuta ya taa au kuchanja wembe kichwani huacha kovu, na tumekwisha sema kwamba kovu haliotishi nywele.

7. UVUMI HUUA

Wengine watasema: kwa nini chama kijisumbue na maneno ya vijiweni? Jibu liko kwa jirani zetu wa Msumbiji. Mwaka 2017, katika jimbo la Zambezia, polisi walitangaza kwamba wanaume wenye upara walikuwa wakiuawa katika wilaya ya Milange, kwa sababu watu walidanganywa kwamba kichwa chenye upara kina dhahabu ndani yake au huleta utajiri. Watu waliokuwa na urithi wa kawaida kabisa waliuawa kwa ajili ya uongo. Uongo wa namna hiyo huweza kuanza kama maneno ya mzaha kama yale ya foleni yetu. Kijana anayefundishwa kwamba upara ni urithi na homoni tu, hataamini mtu atakayemjia usiku na bei ya kichwa cha jirani yake.

8. TUFANYE NINI

Kila tawi lichague ndugu mmoja wa afya, atakayeuliza yale maswali manne kwa faragha na kutunza siri. Ndugu huyo si daktari. Kazi yake ni kumwondoa mwenzake kwenye kikopo na kumfikisha kwenye zahanati, au kwenye hospitali ya St. Paul's pale Kashikishi. Wanaotakiwa kwenda bila kungoja ni hawa: mwenye kovu linalong'aa, mwenye usaha, mwenye viraka pamoja na vipele vya viganjani, mwenye nyusi zilizotoka pamoja na ganzi, mwenye kupukutika pamoja na kukonda au homa isiyoisha, na wenye kupukutika wakiwa wengi mahali pamoja pa kazi.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi kesho katika foleni, ndugu yule mwenye kofia asiulizwe mbele za watu. Mwiteni kando, mkae naye kivulini, mwulizeni: ilianza lini, ndugu?

MASWALI YA KUJADILIWA TAWINI

1. Upara wa kawaida huanza wapi, na huacha nywele wapi?
2. Ndugu aliugua homa kali mwezi wa Januari, nywele zikapukutika Aprili. Tumshauri nini?
3. Kwa nini kupaka mafuta peke yake hakuponyi mapunye?
4. Katika tawi letu, ni kazi gani zinazobebesha mzigo kichwani, na tunaweza kudai nini?
5. Je, mahali petu pa kazi pana kamati ya afya na usalama? Ilikutana lini mara ya mwisho?